Foronya ya Kompyuta

Nyumbani kwetu kitu cha thamani hakikukaa wazi. Redio ilikuwa na kitambaa chake, cheupe chenye maua mekundu. Chupa ya chai ilikuwa na chake. Viti vya sebuleni vilikuwa na vya mgongoni na vya mikononi, na hata cherehani, iliyokuja kutoka kiwandani na kifuniko chake cha mbao, ilivalishwa kitambaa juu ya kifuniko. Mama alivishona mwenyewe, akavifua kila Jumamosi, akavitia wanga wa mhogo mpaka vikawa vinasimama vyenyewe. Mgeni akiingia akakuta redio haijafunikwa, mama aliona haya kama mtu aliyekutwa na kanga moja. Nilikua nikidhani ndivyo watu wote duniani wanavyoishi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, akawa hawezi kulala chali, analala amekaa, amezungushiwa mito. Daktari wa hospitali alituambia kwa upole kwamba moyo ule ulikuwa umefanya kazi kupita uwezo wake kwa muda mrefu, na kwamba tumrudishe nyumbani, tumpe dawa za kupunguza maji, tusimchoshe. Nilielewa alichokuwa anasema. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo hapo Mpanda, sina mume wala mtoto, kwa hiyo kumuuguza mama lilikuwa jambo langu na hakuna aliyehitaji kuliuliza.

Siku moja nikimkanda miguu akaniambia anachotaka. Hakutaka uji wa aina fulani wala kurudishwa kwao Mpimbwe kama nilivyoogopa. Alitaka kusikia sauti ya baba.

Baba alikuwa amekufa tangu tukiwa wadogo. Alikuwa mwalimu wa kwaya kule Karema, misheni, kando ya ziwa, na kabla hatujahamia Mpanda padri mmoja mgeni aliwahi kumrekodi kwenye kaseti akiimba. Kaseti hiyo mama aliitunza kwenye kopo la majani ya chai. Ilichezwa mara chache mno, halafu redio ikaila, kanda ikatoka nje kama utumbo wa kuku, mama akairudisha ndani kwa kuizungusha na kalamu na hakuthubutu kuicheza tena. Mimi sauti ya baba siikumbuki. Nilichokumbuka ni koti lake.

Nilikwenda posta nikampigia simu kaka yangu. Yeye alikuwa Dar es Salaam, fundi wa kompyuta, na kila aliporudi nyumbani alituchosha kwa maneno yake ya mjini. Nilimweleza hali ya mama na habari ya kaseti. Akaniuliza kama redio bado inafanya kazi. Kisha akasema, "Nakuja na mashine."

Akaja nayo kweli. Alipanda treni ya Tabora, akabadilisha, akafika stesheni yetu amefunikwa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, amepakata kasha la kompyuta lililoviringishwa blanketi, na mbeba mizigo nyuma yake kabeba skrini kichwani. Mama alimpokea kwa machozi, na alipomaliza kulia akauliza lile sanduku lina nini.

"Humo ndimo atakamokaa baba," kaka akamwambia.

Alikuwa anatania. Lakini mama hakucheka, na mimi nilimwona alivyolitazama lile sanduku upya.

Kaka aliifungua kaseti kwa bisibisi, akaiunga kanda kwa selotepu, akaunganisha redio na kompyuta kwa waya, akaicheza mara moja tu. Ile mara moja ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kanda ilimenyeka, unga wake wa kahawia ukabaki kwenye vidole vyake. Kuanzia hapo baba hakuwepo mahali pengine popote isipokuwa ndani ya lile kasha.

Alinipa spika za masikioni nisikilize. Nilisikia mvumo, shhhh, mzito, usioisha, na ndani ya ule mvumo, mbali, sauti ya mwanamume inaimba. Nyuma yake kulikuwa na waimbaji wengine, na kadiri wimbo ulivyoendelea walikuwa wanafifia, mmoja baada ya mwingine, kama vile kanda inawameza. Kuelekea mwisho ulibaki mvumo, sauti ya baba, na mluzi mwembamba unaopanda na kushuka juu yake. Nilivua spika nikatoka nje nikalia nyuma ya jiko.

"Kanda imeoza," kaka akasema niliporudi. "Lakini ina dawa."

"Mpe mama asikie hivyo hivyo."

"Makelele haya? Mama anasikia kwa shida siku hizi. Nikimpa hivi atasikia mvumo tu. Asikie mara moja, asikie vizuri."

Tukabishana. Mimi nina hasira za karibu, na yeye ana kichwa kigumu tangu tumboni. Nilimwambia mgonjwa hangojwi. Akaniambia nisimfundishe kazi. Mwisho nilimwachia, kwa sababu na mimi nilitaka mama asikie vizuri.

Dawa yenyewe ilikuwa programu ya kusafisha sauti. Unaionyesha kipande chenye mvumo mtupu, nayo inapita kwenye wimbo wote kidogo kidogo, inachuja kila kinachofanana na ule mvumo. Kwa kompyuta za leo hiyo ni kazi ya kupepesa macho. Kwa ile ya kaka ilikuwa kazi ya kutwa, na kutwa hatukuwa nayo. Umeme wa Mpanda mwaka ule ulitoka kwenye majenereta, na mafuta yalikuwa shida. Ulikuja baada ya chakula cha mchana, ukakatwa jioni watu wakiwa bado mezani. Programu haikujua kuhifadhi kazi iliyofika nusu. Ukikatika kabla haijamaliza, kesho unaanza upya. Siku za mwanzo kaka alikaa mbele ya skrini akitazama ule mstari wa buluu ukisogea, unafika karibu na mwisho, taa zinazimika. Nilimsikia akitukana gizani, kwa sauti ya chini ili mama asisikie.

Ndipo akaamua kupandisha spidi ya prosesa.

Nilikuwa sijui prosesa ni nini. Alinionyesha: kijibamba kidogo, ukubwa wa biskuti, ambacho ndicho kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Kiwandani huwa kinapangiwa mwendo wake. Lakini kwenye bodi kuna vijipini, na ukivihamisha kutoka shimo hili hadi lile, prosesa inalazimika kukimbia kuliko ilivyopangiwa. Nikamuuliza kama kuna ubaya wowote.

"Joto," akasema. "Ubaya wake ni joto tu. Ikikimbia inapata moto. Ikipata moto sana inachanganyikiwa kwenye hesabu, inaganda. Ukiendelea kuilazimisha, inakufa."

"Sasa moto sana ni kiasi gani?"

Hapo alikuwa mwalimu mzuri, namsifu. Kulikuwa na namba kwenye kona ya skrini inayoonyesha joto la prosesa. Aliniambia ikiwa chini ya nyuzi hamsini imetulia, nisiijali. Kati ya hamsini na sitini nikae macho. Ikikaribia sabini nizime, hata kama kazi imebaki punje. Watengenezaji wenyewe wanaandika kwamba inastahimili zaidi ya hapo, alisema, lakini wanaandika kwa mashine inayokwenda mwendo wake. Hii ya kwetu ilikuwa inakimbizwa.

Juu ya prosesa kulikuwa na kipande cha aluminiamu chenye mapezi mapezi, na juu yake feni. Kati ya prosesa na aluminiamu alipaka grisi nyeupe, tone tu, akalitandaza likawa jembamba, akanieleza kwamba kazi ya grisi ni kuziba vinafasi ili joto lipite, na kwamba wanaopaka nyingi kama siagi kwenye mkate wanaharibu. Kasha lilikuwa na feni nyingine nyuma, inayotoa hewa ya moto nje. Alilisogeza mbali na ukuta. Akafungua ubavu mmoja wa kasha, utumbo wote ukawa nje, waya na vibamba, ili hewa iingie.

Dar mambo hayo yalimtosha. Hapa ilikuwa Oktoba. Anayejua Oktoba ya Mpanda, kabla mvua hazijaja, anajua kwamba ardhi yenyewe inatoa joto, bati linalia, na mbwa wanachimba mashimo kwenye maua ya watu ili walale. Feni haitengenezi baridi. Inapuliza hewa iliyopo, na hewa iliyopo sebuleni kwetu ilikuwa ya moto. Namba ile ilipanda hadi karibu sabini kabla kazi haijafika mbali, kaka akazima, roho juu.

Tulijaribu mengi. Alitaka kupima joto la chumba kwa kipimajoto cha mama cha hospitali, nikamnyang'anya, maana kile ni cha homa ya mtu. Nilitundika gunia lililoloweshwa maji dirishani, kama tunavyofanya kupooza maziwa. Lilipooza kweli, lakini kaka akaliondoa, akasema unyevu na vumbi vikikutana juu ya bodi vinakuwa tope, na tope likikutana na umeme hakuna cha kuokoa. Kila asubuhi alilisafisha kasha kwa brashi ya rangi, kwa sababu vumbi letu liliyaziba mapezi ya aluminiamu usiku mmoja tu.

Mwishowe tukabaki na jibu moja. Chumba cha mama ndicho kilichokuwa na ubaridi kuliko vyote. Kilikuwa upande wa jua la asubuhi, kwa hiyo alasiri kilikuwa kivulini. Kuta zake zilikuwa nene, za tofali za kuchoma, na dari ya mbao ambayo baba aliweka mwenyewe. Tulikuwa tumemhamishia mama humo kwa sababu hiyo hiyo, apumue vizuri. Kaka akamwomba ruhusa.

"Mlete," mama akasema. "Si chumba chake?"

Basi mashine ikakaa mezani, miguuni pa kitanda cha mama, ubavu wazi, inavuma. Alasiri nzima walikuwa pamoja, mama amekaa kwenye mito yake anavuta pumzi kwa taabu, na kasha linavuta pumzi mbele yake. Sikupenda kuwatazama wote wawili kwa wakati mmoja.

Namba ikakaa kwenye hamsini na kitu. Kaka akafurahi. Alianza kumaliza kazi kabla ya umeme kukatika, lakini akisikiliza hakuridhika: baba alikuwa anatoka na sauti ya bati, na ule mluzi wa mwisho haukutoka. Akabadilisha mipangilio, akaanza upya kesho yake. Na kesho kutwa. Mvumo ulikuwa unapungua, alisema, bado huo mluzi tu. Nikimuuliza kama mama hawezi kusikia ilivyo, ananijibu, "Bado kidogo."

Wakati huo mama alikuwa anashona. Aliniomba kitambaa cha marekani, kile kizito, na nyuzi za rangi, nami nilifurahi kuona mikono yake ina kazi. Alitarizi maua ya bluu na samaki wadogo pembeni. Ilikuwa kubwa, nikadhani ni foronya. Siku moja kaka akiwa nje nilimkuta amesimama, ameshika ubao wa kitanda kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anapima kasha la kompyuta kwa uzi. Nilimkemea kwa sababu alikuwa amesimama. Habari ya uzi haikunipa mawazo yoyote.

"Mbona mnamwacha hivi, utumbo nje?" akaniuliza akirudi kitandani.

"Inapumua, mama. Kaka kasema isifunikwe."

"Nyie watoto," akasema, na akavuta pumzi. "Wageni wakija je?"

Wageni walikuja. Wanajumuiya, akina mama wa mtaani kwetu waliokuwa wakisali kila wiki nyumba kwa nyumba, walipanga kuja kumsalia mgonjwa. Siku hiyo kaka alikuwa ameiacha mashine ikichuja kwa mara ambayo aliniapia ndiyo ya mwisho, akaenda kuonana na fundi wa majenereta kumbembeleza asiukate umeme mapema. Mimi nilikuwa uani, nachemsha chai ya wageni. Waliingia mmoja mmoja, wakavua ndala mlangoni, nikasikia rozari inaanza.

Nilikuwa nimeshauzoea ule mvumo wa feni, kiasi kwamba siusikii. Nilisikia ulipobadilika. Ulizibwa, kama mtu anayeongea amejifunika shuka. Nikatega sikio. Sala ilikuwa inaendelea, na chini yake ule mvumo uliozibwa, halafu nikasikia harufu ya wanga wa mhogo uliopata moto, ile harufu ya kupiga pasi.

Niliingia na mwiko mkononi. Akina mama walikuwa wamepiga magoti kwenye mkeka. Mama alikuwa kitandani amenyooka, amevaa gauni lake la kanisani. Na pale mezani, kasha la kompyuta lilikuwa limevaa. Marekani nyeupe, imetiwa wanga, imefunika juu, mbele, nyuma na ubavu, kila upande umekaa sawasawa na samaki wa bluu wamejipanga chini. Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile, na nilisimama nikaitazama. Kisha nikaweka kiganja juu yake, nikakiondoa upesi.

Niliivua mbele za watu. Skrini ilikuwa imeganda, mstari wa buluu karibu kabisa na mwisho, namba ya kwenye kona imesimama juu ya sabini. Nilibonyeza, haikujibu.

"Mwache baba yako asitiriwe," mama akasema. "Watu wanasali, yeye yuko wazi, utumbo nje. Siyo heshima."

Kaka ndiye aliyeingia wakati huo. Aliona kitambaa mkononi mwangu, akaona skrini, akazima umeme ukutani. Akina mama wa jumuiya wakamaliza kwa Baba Yetu ya haraka, wakasema watarudi, wakatafuta ndala zao. Chumba kikawa kimya kuliko nilivyowahi kukisikia, maana kwa wiki kadhaa hakikuwahi kuwa kimya alasiri.

Mama alitutazama, mmoja kisha mwingine. Uso wake ulikuwa umekuwa mdogo.

"Nimemuua?" akauliza.

Niliikunja ile marekani nikaiweka kitini.

"Nimemuua baba yenu mara ya pili?"

Kaka alipiga magoti pembeni ya kitanda. Nilitegemea aseme maneno ya kifundi. Alimshika mama mikono yote miwili akasema, "Hapana, mama. Kazimia tu. Kaona joto. Ngoja apoe, nitakuonyesha."

Tukangoja. Kaka aliweka kiganja juu ya kasha, akakiacha pale. Lilipopoa alichukua bisibisi ndogo, akavirudisha vile vijipini mahali pake pa kiwandani, mwendo wa kawaida, akawasha. Ilichukua muda kuamka, ikijikagua yenyewe kwa sababu ilizimwa vibaya, na sisi watatu tulikuwa tunaitazama ile skrini nyeusi yenye maandishi meupe kama watu wanaongoja daktari atoke chumba cha upasuaji. Kazi ya siku hiyo ilikuwa imepotea yote. Zile alizomaliza nyuma alikuwa amezifuta kwa kutoridhika nazo. Kilichobaki salama ni ule wimbo wa kwanza kabisa, mchafu, kama ulivyotoka kwenye kanda.

"Ni makelele, mama," kaka akasema. "Nilitaka usikie vizuri. Sikiliza tu ujue kwamba yupo."

Akachomoa spika za masikioni, sauti ikatoka chumbani. Namba kwenye kona ilikuwa arobaini na kitu, na haikusogea. Kucheza wimbo tu hakukuhitaji spidi yoyote.

Shhhh, ule mvumo, ukajaa chumba. Mama akageuza kichwa, akaelekeza sikio lake zuri.

"Mvua," akasema.

Kaka akapunguza sauti. "Nini, mama?"

"Usipunguze. Hiyo mvua. Ilikuwa mazoezi ya kwaya, alasiri, na mvua ya kwanza ikapiga bati la kanisa. Hatukuitegemea." Baba alikuwa ameanza kuimba, mbali, ndani ya mvua. Mama alingoja ubeti uishe. "Sasa sikilizeni. Watu wote walikuwa wameanika dagaa mchangani kule ziwani. Mvua ikinyesha, dagaa wanaoza. Wakaanza kukimbia. Mnasikia wanavyopungua? Huyo mnene alikuwa wa sauti ya nne, kaondoka. Hao wasichana wakaondoka. Baba yenu akakataa kunyamaza, padri kashika redio yake, anamrekodi. Akaongeza sauti. Mbishi sana."

Nilimtazama kaka. Alikuwa ametoa mkono kwenye kipanya na kuuweka mapajani.

Waimbaji wakaisha, kama tulivyojua wataisha. Ikabaki mvua, na baba, na juu yake ule mluzi mwembamba unaopanda na kushuka, ule ambao kaka alikuwa ameukimbiza wiki zile zote kwa spidi yote ya ile mashine. Mama alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inatembea. Ilikuwa inapanda mluzi unapopanda, inashuka unaposhuka.

"Huyo ni mimi," akasema. "Dagaa wangu wote waliharibika siku hiyo. Bibi yenu alinisema mpaka tukahama."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, na sikuona haya. Kaka hakulia mbele yetu. Alikwenda dirishani akasimama kule muda mrefu, anatazama barabara yenye vumbi, na niliona mgongo wake unavyotikisika. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu. Alikuwa amebeba mashine kutoka Dar hadi kwetu, ameipoza kwa kila alichojua, na kilichokuwa kinagoma kufutika kilikuwa sauti ya mama yetu akiwa kijana.

Hakugusa vijipini tena. Kila alasiri umeme ukija, aliwasha, akamchezea mama wimbo, mara moja, mara nyingine mara mbili, halafu akazima. Mama aliuliza kama sasa anaruhusiwa kuivisha. Kaka akamwambia anaruhusiwa, lakini ikishazimwa na kupoa. Kwa hiyo ilikuwa hivi: anazima, anaweka kiganja juu ya kasha, tunangoja wote watatu, tunaongea habari za Karema, na joto likishaisha anasema, "Tayari, mama." Mama anainuka kwa kushikwa, anaivisha foronya yake mwenyewe, ananyoosha samaki wake wa bluu kwa vidole. Baadaye hakuweza kuinuka, tukawa tunamsogezea meza. Kaka alikuwa amepewa ruhusa ya wiki chache kazini kwake. Zilipita, na hakuzitaja.

Mama alifariki asubuhi moja, amekaa kwenye mito yake, kabla mvua hazijaanza. Tulimzika siku iliyofuata. Mama mdogo alikuja kutoka Mwamkulu na gunia la mchele, akashika nyumba, akapika, akapanga wageni, nami nilimshukuru kwa kuwa mikono yangu ilikuwa haijui ifanye nini.

Baada ya mazishi, umeme ulipokuja, wanajumuiya waliomba kusikia ule wimbo ambao mama alikuwa anawasimulia. Wakajaa chumbani, wengine wakabaki koridoni. Kaka akawasha. Mvua ikanyesha, watu wakakimbilia dagaa wao, baba akakataa kunyamaza, na mwisho wakabaki wawili. Kaka akazima.

Mama mdogo, ambaye hawezi kuona kitu kikikaa wazi kama dada yake, alikuwa ameshainyakua foronya kitini ili alifunike kasha. Kaka akamzuia kwa mkono, akaichukua. Akaweka kiganja kingine juu ya kasha, akainamisha kichwa. Watu walidhani anasali, wakangoja kwa heshima. Mimi nilijua anachongoja.

Lilipopoa kabisa akasema, "Tayari, mama," kwa mazoea, akageukia kitanda. Godoro lilikuwa limeshatolewa nje kuanikwa. Akasimama hivyo kidogo na kitambaa mkononi, kisha akaivisha mashine mwenyewe.